Mzee Asiyejiweza: Abaki kwa Wanawe, Aajiriwe Mlezi, au Aende Nyumba ya Wazee?

Familia nyingi za Unguja na Pemba hulizungumza jambo hili zikiwa zimeshachelewa. Mzee ametoka hospitali baada ya kiharusi, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, hawezi kwenda chooni peke yake, na watoto wamekaa ukumbini wanatazamana kujua nani atahama na nani ataacha kazi. Mazungumzo hayo hugeuka haraka yakawa ya heshima na lawama, na suali la msingi, yaani mzee huyu atasafishwa, atalishwa, atageuzwa na kupewa dawa vipi, na nani atahakikisha kwamba hayo yanafanyika kila siku, huachwa pembeni. Ulinganisho huu unalianza suali hilo. Njia zinazolinganishwa ni tatu: kulelewa na jamaa nyumbani, kuajiri mlezi akae na mzee nyumbani, na kupokelewa katika nyumba ya wazee ya serikali.

Vigezo vilivyotumika vimechukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka nchi ambazo nyumba za wazee ni biashara kubwa na zinakaguliwa kwa sheria. Sababu si kwamba nchi hizo zinalea wazee vizuri kuliko sisi. Mtu yeyote aliyesoma ripoti zao za ukaguzi anajua kwamba zina aibu zao. Sababu ni kwamba makosa yaliyowaumiza wazee wao yameandikwa, yakapangwa kwa uzito, na orodha hiyo inafaa kutumiwa hata katika chumba kimoja cha Jang'ombe au Wete.

Wakaguzi wanatafuta nini

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1987 ndiyo iliyoweka msingi wa haki za wazee walioko katika nyumba za uuguzi na wa ukaguzi wa nyumba hizo. Wakaguzi wa jimbo hufika bila kutoa taarifa, na muda baina ya ukaguzi mmoja na unaofuata hautakiwi kuzidi miezi 15, huku wastani wa jimbo zima ukitakiwa kuwa miezi 12. Malalamiko yanaweza kuwaleta kabla ya hapo. Hukaa, huangalia watu wanavyolishwa na kuoshwa, huzungumza na wazee na jamaa zao, kisha hufungua mafaili. Kila kosa hupewa herufi kuanzia A hadi L kwa kupima mambo mawili: madhara yake ni makubwa kiasi gani, na limewagusa wazee wangapi. Herufi J, K na L ni za hatari ya papo hapo.

Tangu Disemba 2008 matokeo hayo hutangazwa kwa nyota, moja hadi tano, na hapa Wazanzibari wenye jamaa huko wanahitaji kuwa waangalifu. Nyota za ukaguzi hutolewa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja: asilimia 10 zilizo bora hupata nyota tano, asilimia 20 za mwisho hupata nyota moja, na zilizobaki hugawanywa katikati. Kwa hiyo nyota tano hazina maana kwamba hakuna kosa lililoonekana, wala nyota nne za jimbo moja haziwezi kuwekwa sambamba na nyota nne za jimbo jingine. Zaidi ya hapo, sehemu ya takwimu nyengine zinazoingia katika jumla hutolewa na nyumba zenyewe kuhusu wazee wao. Hata idadi ya wauguzi ilikuwa ikitolewa hivyo kwa miaka mingi, mpaka ilipoamuliwa ichukuliwe kutoka kumbukumbu za malipo ya mishahara, kwa kuwa mtu anaweza kujiandikia wauguzi wengi lakini hawezi kirahisi kuwalipa wasiokuwepo. Ripoti yenyewe ya ukaguzi, iliyoandikwa kosa kwa kosa, ina faida kuliko nyota.

Uingereza, upande wa England, kazi hii inafanywa tangu 2009 na tume ya ubora wa huduma, ambayo huuliza mambo matano: huduma ni salama, inaleta matokeo, ina huruma, inamwitikia mtu na mahitaji yake, na inaongozwa vyema? Majibu hutolewa katika daraja nne, kuanzia bora kabisa hadi isiyofaa, na tangu 2015 nyumba inalazimika kuibandika daraja yake mahali ambapo mgeni ataiona. Daraja hiyo iliyobandikwa mlangoni inaweza kuwa ya ukaguzi wa miaka kadhaa nyuma, na meneja aliyeipata anaweza kuwa ameshaondoka, kwa hiyo tarehe isomwe pamoja na daraja.

Zanzibar hatuna orodha ya nyota. Tuna nyumba za serikali, Sebleni na Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba, zilizo chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto. Nyumba ya Sebleni ilianzishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati wa Mzee Abeid Amani Karume, na Welezo ina historia ndefu ya masista wa Kikatoliki kuwahudumia wasiojiweza. Tuna pia sheria ya masuala ya wazee ya mwaka 2020. Lakini mwananchi anayetaka kuchagua hana karatasi ya kusoma kabla ya kuamua, na kwa upande wa nyumbani kwake mwenyewe hana mkaguzi wa aina yoyote. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Tumezoea kuamini kwamba mzee aliye miongoni mwa wanawe yuko salama kwa sababu anapendwa, ilhali mapenzi hayamgeuzi mtu kitandani saa nane za usiku.

Ngozi, ambayo haifichi

Kama kingebakishwa kigezo kimoja tu katika ulinganisho wote huu, kingekuwa ngozi ya mzee asiyeweza kujigeuza. Vidonda vya kulalia hutokea pale ambapo mfupa unaibana ngozi juu ya godoro kwa muda mrefu hata damu isipite: juu ya mfupa wa makalio, nyonga, visigino, viwiko, na kisogo kwa mtu aliye dhaifu sana. Vitabu vingi vimefundisha kutafuta wekundu, jambo linalowapoteza walezi wa kwetu, kwa kuwa katika ngozi nyeusi dalili ya mwanzo huwa ni sehemu iliyozidi weusi au kuelekea zambarau, yenye joto au ugumu kuliko ngozi ya jirani. Ikigundulika hapo, kumwondolea mgandamizo mara moja huweza kuirudisha hali. Ikiachwa, ngozi hupasuka, na kidonda kinaweza kufika kwenye mfupa.

Kinga yake haina siri: kumgeuza kila baada ya saa mbili au kwa ratiba aliyoipanga muuguzi, kumkausha kila anapojisaidia, kumlisha chakula chenye protini ya kutosha, na kutomburura juu ya shuka anapovutwa. Wengi hununua godoro la hewa wakadhani kazi imekwisha, lakini godoro hilo linapunguza mgandamizo tu, na mzee bado anahitaji kugeuzwa.

Katika kigezo hiki, nyumba yenye jamaa wengi inaweza kuzishinda njia nyengine zote, kwa sharti kwamba zamu zimepangwa kwa majina. Penye binti mmoja anayepika, anayefua, anayewapeleka watoto skuli na anayemlea mzee, zamu ya usiku haipo, hata familia nzima ikisema kwamba ipo. Mlezi wa kuajiriwa ana udhaifu huo huo kwa njia nyengine, kwani mtu mmoja hawezi kufanya kazi mchana kutwa na kuamka kila saa mbili usiku kucha, na familia inayomtaka afanye hivyo kwa kuwa analipwa imeshajitengenezea kidonda. Nyumba ya wazee ina watumishi wa kupokezana, lakini la kuuliza ni wangapi wanakuwepo usiku na wana wazee wangapi wasiojigeuza, kwa sababu idadi ya watumishi wote kwa jumla haimwambii mtu kitu.

Anayetembelea nyumba yoyote ya wazee, hapa au ng'ambo, hana haja ya kuomba kuoneshwa bustani. Akaulize, kwa adabu, kama wapo wazee wenye vidonda vya kulalia, walikuja navyo au walivipatia hapo, na vinafungwa mara ngapi. Mtumishi anayejibu moja kwa moja, hata akisema kwamba wapo wawili na wanatibiwa hivi na hivi, anaaminika zaidi kuliko anayesema kwamba hapo hakuna shida yoyote.

Kuanguka, kula na dawa

Majengo yetu hayakujengwa kwa ajili ya mtu anayeburuta mguu. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni kali na nyembamba, ghorofa za Michenzani hupandwa kwa ngazi, na nyumba nyingi za mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na za shamba zina kizingiti mlangoni na choo kilichoko uani. Mzee anayebaki nyumbani anahitaji marekebisho kabla hajafika, si baada ya kuanguka: taa inayowaka usiku njiani kuelekea chooni, fimbo ya kushikia iliyofungwa ukutani, kiti cha kujisaidia kwa asiyeweza kuchutama, na mkeka unaoteleza uondolewe. Hapa nyumba ya wazee inaweza kuwa na nafuu, maana walioko humo ni wazee, ingawa hilo nalo lithibitishwe kwa kuingia chooni na kutazama sakafu. Wakaguzi wa nje huuliza jambo jengine muhimu: je, mzee amezuiliwa kwa kufungwa, au kwa kupewa dawa za kumtuliza ili asisumbue? Kumfunga mzee kwa kanga kwenye kiti “asianguke” hutokea majumbani, kwa nia njema, na huko nje lingeandikwa kuwa ni kosa kubwa.

Kwa chakula, kigezo chao kinaweza kutumika na mtu yeyote mwenye mizani: kupungua asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi sita, bila ya kukusudia, ni jambo la kumpeleka mzee kwa daktari. Kwa mzee wa kilo 60 hiyo ni kilo tatu tu kwa mwezi. Asiyeweza kusimama kwenye mizani anapimwa unene wa mkono kwa kamba ya fundi cherehani, kila mwezi mahali pale pale, na kipimo kinaandikwa. Mzee aliyepata kiharusi ana hatari nyengine, ya chakula au maji kuingia njia ya hewa. Anatakiwa kulishwa akiwa amekaa wima, kijiko kidogo kidogo, kisha aachwe amekaa kwa nusu saa hivi. Anayekohoa kila anapokunywa maji apelekwe akaangaliwe namna anavyomeza, na asilazimishwe. Bibi anayelishwa uji akiwa amelala chali na mjukuu mwenye haraka ya kwenda chuoni yuko katika hatari, ingawa kwa macho ya jirani anahudumiwa vizuri sana.

Dawa ni pale ambapo nyumba za jamaa hushindwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi. Mzee ana vidonge vya presha kutoka Mnazi Mmoja, vya sukari kutoka zahanati ya binafsi, na vya maumivu kutoka duka la dawa, kila mtoto aliyempeleka kwa daktari anajua alichoandikiwa siku yake, na hakuna anayejua jumla. Ajira ya mlezi haitibu tatizo hili peke yake. Karatasi moja yenye jina la dawa, kiasi, saa na saini ya aliyempa inalipunguza sana, nayo ndiyo karatasi ambayo mkaguzi wa nje angeiomba mwanzo. Mwezi wa Ramadhani unataka maandalizi ya ziada, kwa kuwa mzee mwenye kisukari anayeshikilia kufunga akiwa anameza dawa za kushusha sukari, au akichoma insulini, anaweza kupoteza fahamu kabla ya magharibi. Mazungumzo na daktari yafanywe katika Shaabani, na panapohitajika ahusishwe sheikh anayemwamini, maana wazee wengi hawatakubali neno la daktari peke yake.

Sitara na ibada

Kuna jambo ambalo vigezo vya Marekani na Uingereza hulitaja kwa jina la heshima na uchaguzi wa mtu, nalo kwetu lina uzito kuliko jengine lolote: nani anamtawaza mzee. Mama wa makamo ya miaka themanini ambaye hajawahi kuvuliwa mbele ya mwanawe wa kiume anaweza kukataa kuoshwa hata akapata maradhi, na baba anaweza kufanya vivyo hivyo mbele ya mkwe wake. Ndiyo maana kauli ya “sisi ni watoto saba” haitoshi katika hesabu ya malezi. Kati ya hao saba, anayeweza kuingia chooni na mama huenda akawa mmoja, naye ameolewa Mkoani wakati mama yuko Mjini. Mlezi wa kuajiriwa wa jinsia moja na mzee hulitatua hili vizuri, na mara nyengine mzee huona haya kidogo kwa mgeni anayelipwa kuliko kwa mkwe. Katika nyumba ya wazee liulizwe waziwazi: anayewaosha wanawake ni mwanamke katika zamu zote, pamoja na ya usiku?

Udhu, kutayamamu kwa asiyeweza maji, kugeuziwa kibla na kukumbushwa nyakati za sala ni sehemu ya malezi, na mlezi asiyeyajua anafundishika kwa siku chache akiwa na nia. Upweke haufundishiki hivyo. Mzee aliyezoea kukaa barazani na kusalimiwa na kila apitaye hupoteza sana anapohamishwa, na hapo nyumbani panashinda bila ya ushindani. Lakini si kila mzee wa nyumbani yuko barazani. Aliyefungiwa chumba cha nyuma tangu asubuhi, akisikia televisheni ya ukumbini, yuko mpweke kuliko mkaazi wa Sebleni mwenye wenziwe wa kupiga nao soga.

Fedha na uwezekano

Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, ilianzia shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi shilingi 50,000. Fedha hizo zinasaidia sabuni, maziwa na nauli ya hospitali; hazimlipi mlezi. Anayepanga kuajiri ahesabu mshahara, chakula cha mlezi, siku yake ya mapumziko pamoja na malipo ya atakayemshikia zamu, pampasi za watu wazima, na dawa zisizopatikana kituo cha afya. Kisha ajiulize kama ndugu walioahidi kuchanga wamewahi kuchanga jambo lolote kwa mwaka mzima bila ya kukumbushwa.

Kwa upande wa nyumba za serikali, makaazi na chakula hugharamiwa na serikali, lakini lengo lake ni wazee wasio na jamaa wa kuwatunza. Hazikuwekwa ili familia yenye uwezo ipumzike. Njia ya kuingia huanzia kwa sheha na ofisa wa ustawi wa jamii, wanaotakiwa kujiridhisha kuhusu hali ya mzee. Kwa hiyo kwa familia nyingi zinazosoma ulinganisho huu njia ya tatu si chaguo lao, na ni vyema lisemwe mapema ili muda usipotee. Linawahusu zaidi majirani: kila mtaa una mzee anayeishi peke yake, asiye na mtoto wala ndugu wa karibu, anayeletewa chakula na watu wema siku wanayokumbuka. Kwa mzee huyo, aibu ya mtaa isiwe sababu ya kumwacha. Nyumba yenye chakula cha uhakika na mtumishi wa usiku ni bora kwake kuliko chumba chake mwenyewe.

Nani achague nini

Mzee anayetembea, anayekula mwenyewe na mwenye akili timamu abaki kwa wanawe, baada ya choo na ngazi kutengenezwa. Hapo hakuna haja ya mjadala mrefu.

Mzee asiyejigeuza, aliye na angalau watu wawili wazima wa jinsia yake wanaolala nyumba moja naye, anaweza pia kubaki kwa jamaa, kwa masharti kwamba ratiba imeandikwa na muuguzi wa kituo cha afya ameombwa aje kuwafundisha namna ya kumgeuza, kumhamisha na kumlisha. Pasipokuwa na watu hao wawili, aajiriwe mlezi, na familia ibaki na zamu ya usiku. Katika kumchagua mlezi, muuguzi mstaafu wa kuja saa chache kila asubuhi, pamoja na msichana wa kumsaidia, huwa na faida zaidi kuliko msichana peke yake aliyeletwa kutoka shamba akaachiwa mgonjwa. Kabla ya kukubaliana, anayeomba kazi amhamishe mzee kutoka kitandani hadi kwenye kiti mbele ya wenye nyumba. Akimvuta kwa makwapa, bado hajafundishwa. Makubaliano yaandikwe, pamoja na siku ya mapumziko.

Mzee aliyepoteza kumbukumbu, anayetoka nje usiku na kupotea, ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu nguvu za mwili anazo. Familia yenye mtu mmoja tu haitamudu, na mlezi mmoja naye atachoka mapema. Wagawane wazi baina ya ndugu, hata ikibidi mzee ahamie nyumba yenye ua uliofungwa, na mlezi awe wa kuongezea nguvu.

Walioko Muscat, London au Dar es Salaam, ambao mara nyingi ndio wanaolipa, wasiridhike na picha ya mzee amevalishwa kanzu safi siku ya Ijumaa. Waombe, kila wiki, waoneshwe karatasi ya dawa iliyotiwa saini, kipimo cha mkono cha mwezi, na jibu la maneno kuhusu visigino na makalio, litolewe na muuguzi au na ndugu aliyetazama kwa macho yake. Na mtu mmoja katika familia, asiyekuwa yule anayemlea mzee, apewe ruhusa ya kufika bila ya taarifa, wakati wa chakula cha usiku au alfajiri, na anayelea aambiwe mapema kwamba jambo hilo litakuwepo, lisije likachukuliwa kuwa ni kumpeleleza. Mzee akilazwa hospitali na kurudi, uchaguzi wote ufanywe upya, kwa sababu anayerudi huenda hana tena uwezo aliokuwa nao wakati ratiba ya mwanzo ilipoandikwa.